Mpangaji wa Miezi ya Eda

Niliporudi Mombasa kutoka Bombay nilikuwa na vitu vitatu: sanduku la bati, suti moja ya kitani, na shahada ya upimaji wa ardhi yenye mihuri miwili. Nalisema hili kwa kifua mbele, kwa maana shahada ile sikurithi wala sikununua. Niliondoka mjini kijana wa miaka kumi na sita, mtumishi wa stoo ya tajiri mmoja wa Kihindi. Kiingereza nilijifunza katika magazeti yaliyofungiwa bidhaa. Darasani niliingia nina ndevu, nikakaa na vijana wasio nazo, na mwaka wa tisa nikasimama mbele ya Wazungu watatu nikawajibu kila walichoniuliza. Bado sijakutana na mtu wa rika langu katika Mji wa Kale aliyefanya hivyo. Hayo nimeyatanguliza kwa sababu yanayofuata hayana cha kujivunia.

Kazi nilikuwa nimeahidiwa, ila Mzungu wa kunipokea alikuwa bara, akifuata njia ya reli, akipima mashamba. Karani wake akaniambia nisubiri miezi mitatu. Basi nilitaka mahali pa kukaa miezi mitatu, na mzaliwa wa Mombasa hana haja ya kuuliza mahali hapo ni wapi. Mjomba wangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa na nyumba yake ya mawe katika Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Chumba nilicholala utotoni kilikuwa bado kipo.

Lakini kutoka Bombay nilikuwa nimeandika barua. Niliandika kwamba nina gari la farasi na mtumishi wa kunipigia pasi. Niliandika kwamba nikirudi nitamjengea mjomba ghorofa ya pili. Nilijua kwamba barua zile husomwa barazani mbele ya watu, na kwa sababu nilijua hivyo, kila barua ilipita ya kabla yake. Sasa ningeingiaje pale na sanduku la bati? Nikajiambia: nitajificha mpaka nipate mshahara wa kwanza, kisha nitatokea kwa mjomba nimevaa vizuri, kama mtu aliyeshuka merikebuni siku hiyo hiyo.

Ndivyo nilivyokwenda kutafuta chumba nje ya mji, huko Majengo. Siku hizo Majengo yalikuwa mapya kweli. Nyumba za fito na udongo zilichipuka kati ya minazi na vishamba vya muhogo, zikaezekwa makuti, zikajaa watu kabla kuta hazijakauka. Walikaa huko wapagazi ambao reli iliwanyang'anya kazi, vibarua wa bandari, watu wa bara wa kila kabila. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe ukoo wake. Nami hicho ndicho nilichokitaka.

Nilimpata dalali, mtu mrefu mwenye mwavuli usiofunguka, akautumia kunionyesha vyumba kwa ncha yake. Chumba cha kwanza kilikuwa na mbuzi wawili ukumbini. Nikauliza kama wataondoka.

"Hao wana mwaka wa tatu hapa," akasema mwenye nyumba. "Wewe wataka miezi mitatu. Nimtoe nani?"

Cha pili mwenyewe alikuwa mama muuza mikate ya mofa, mikono yake ina unga mpaka viwikoni. Aliitazama suti yangu, akatazama viatu.

"Huyu ataoga kila siku," akamwambia dalali, kana kwamba sipo. "Kisima kiko mbali, baba. Nitafutie mtu wa kuoga Ijumaa."

Watu wakacheka. Mimi nikamwambia kwamba ninayo shahada ya Bombay. Akaniuliza kama hiyo shahada yachota maji.

Cha tatu kilikuwa kizuri, lakini bei yake sikuiweza. Hapo dalali akauchomeka mwavuli wake mchangani, akanigeukia.

"Bwana, sikiliza. Wataka chumba kizuri, kwa bei ya chumba kibaya, tena kwa miezi mitatu. Huyo si mpangaji. Huyo ni mgeni."

"Basi mimi ni mgeni."

"Mgeni wa nani? Maneno yako ni ya Mji wa Kale."

"Sina mtu hapa," nikasema. "Wote wamekufa."

Nilisema hivyo ili asije akanipeleka kwa mjomba, na kwa kutumaini kupunguziwa. Yule dalali alinitazama kwa huruma, huruma ya kweli, akaniambia, "Pole, ndugu yangu. Basi ipo nyumba moja."

Nyumba yenyewe ilikuwa mpakani, Majengo yanapokaribiana na Makadara, nayo ilikuwa bora kuliko zote nilizoziona: kuta zimepakwa chokaa, baraza pana, na upande wa mbele sebule yenye mlango wake wa kutokea njiani, ambamo mgeni aweza kukaa mwaka asione uso wa mtu wa ndani. Mwenyewe, karani wa mizani pale forodhani, alikuwa amefariki wiki tatu kabla. Mjane wake alikuwa ndani akikaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, haonekani na mwanamume asiye maharimu yake. Alikuwa na bibi kizee mmoja wa kumtumikia, basi. Ndugu wa mumewe walitaka ahamie kwao amalizie eda huko, yeye akakataa: mume alimwacha katika nyumba ile na katika nyumba ile atakaa. Wakamwambia nyumba haikai bila sauti ya mwanamume mlangoni. Ndipo akataka mpangaji wa sebule, mtu mstahivu, kwa siku zilizobaki za eda tu, wala zaidi ya hapo.

Hesabu ya eda yake na hesabu ya kumngoja Mzungu wangu zilikuwa karibu sawa. Nikaona Mungu amenitengea.

Bibi kizee ndiye aliyenipokea. Alikuwa mdogo wa umbo, na alikuwa na desturi ya kumaliza kila neno kwa kukutazama kama anayesubiri chenji. Siku ya kwanza nilitundika shahada yangu ukutani, mkabala wa mlango, ili kila apitaye aione. Akasimama akaiangalia sana.

"Mwanangu, hirizi hii yakukinga na nini?"

"Si hirizi, bibi. Ni shahada. Mimi ni msomi."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi haikingi kitu."

Alhamisi ya kwanza, baada ya sala ya magharibi, alinibishia mlango akanipa sinia iliyofunikwa kawa. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na bakuli la tambi tamu. Alhamisi ya pili ikaja tena, na ya tatu. Siku nyingine nilikuwa nikila muhogo wa kuchoma wa njiani, nikifunga ukanda tundu la ndani zaidi. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikula kama sultani.

Sasa nije kwenye lile ninaloona uzito kuliandika. Kila mtu wa pwani anajua sinia ya Alhamisi kutoka nyumba yenye msiba ni nini. Ni sadaka ya marehemu. Hupikwa alichokipenda maiti, akapewa maskini au mgeni asiye na mtu, ale, aombe dua. Mimi nilizaliwa Mombasa. Mama yangu alipofariki, mimi mwenyewe nilizibeba sinia zile kuwapelekea vipofu wa mlangoni mwa msikiti. Siwezi kusema sikujua. Nilijua, nikakataa kujua. Nilijiambia: huyu mwanamke amesikia kwamba sebuleni mwake amekaa msomi, ananienzi.

Ikafika arobaini ya marehemu. Baada ya hitima bibi kizee alinijia na kifurushi: kanzu nyeupe iliyofuliwa na kupigwa buluu ya kung'arisha, na juu yake kofia. Ilikuwa kofia ya viua, zile za vitundu vidogo vidogo vya sindano, ambazo mke humshonea mumewe kwa miezi. Nimeona kofia nyingi Bombay na Unguja. Kama ile sijaona. Upande wa nyuma, katika ule weupe wote, palipita uzi mmoja wa kijani.

"Vaa, mwanangu," akasema bibi. "Umwombee."

"Amin," nikajibu kwa mdomo. Moyoni nikasema: mwanamke hatoi kazi ya mikono yake kwa mtu ambaye hana nia naye.

Kofia ile ilinitoa mafichoni. Wiki zote hizo nilikuwa sijakanyaga Mji wa Kale kwa kuogopa kuonwa na mjomba. Ijumaa iliyofuata nilivaa kanzu, nikavaa kofia, nikatembea mpaka forodhani kama mtu mwenye mji wake. Toroli za wakubwa, vile vigari vya kupanda watu, zilipita juu ya reli zake, zikisukumwa na watu wanaotoka jasho, nami nilizipisha polepole ili wanione. Kisha nikakaa kwenye baraza ya muuza kahawa, kati ya makarani na wachukuzi, nikaagiza kikombe. Nilikuwa nimechagua baraza ambayo mjomba haendi.

Muuza kahawa alikuwa akigonga vikombe vyake. Akaacha kugonga.

"Bwana, samahani. Kofia hiyo naijua."

"Kofia zote ni duara," nikasema. Watu wakacheka, nami nikafurahi.

"Igeuze nyuma. Ina uzi wa kijani." Nikageuza kichwa. "Wallahi ni yenyewe! Mwenyewe alikuwa akikaa hapo hapo ulipokaa. Umeipataje?"

Jibu lilikuwa maneno mawili: *nimepewa sadaka*. Yangekwisha. Wangesema "Mungu amrehemu", na muuza kahawa pengine asingenitoza. Lakini nilikuwa na kanzu iliyopigwa buluu na shahada ya mihuri miwili, na macho yote yalikuwa kwangu.

"Nimepewa na aliyeishona," nikasema.

"Mjane?" akauliza karani mmoja kijana. "Si yumo edani?"

"Yumo. Na mimi nimo sebuleni mwake."

"Ehee! Na chakula?"

"Samaki wa kupaka," nikasema, nikatabasamu.

Sikusema zaidi ya hapo. Hata leo naweza kuapa kwamba hakuna neno nililosema lililokuwa la uongo. Ila lile tabasamu. Karani kijana alipiga paja lake akasema, "Eda nyingine zina baraka!" Baraza nzima ikacheka, isipokuwa muuza kahawa. Yeye alichukua kikombe changu kabla sijamaliza, akakisuuza.

Siku tatu baadaye, baada ya sala ya alasiri, nilisikia watu barazani kwetu. Nilipofungua mlango nilimkuta ndugu wa marehemu, mtu mzima mwenye bakora, na pamoja naye imamu wa msikiti wa mtaani. Bibi kizee alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa, na nyuma yake pazia limeshushwa. Majirani walikuwa wamekwisha kupata kazi za kufanya nje: huyu anafagia, yule anasuka ukuti uliokwisha kusukwa.

"Masalkheri, bwana," akasema yule ndugu. Hakuwa mkali. Ingekuwa heri angekuwa mkali. "Mimi sikuja kugombana. Mjini kuna maneno. Shemeji yangu ameapa kwamba hakukupa kitu ila sadaka ya mumewe, kwa kuwa aliambiwa wewe ni maskini, mgeni, huna mtu. Bibi huyu naye anasema hivyo hivyo. Ikiwa ni hivyo, mimi nitawanyamazisha watu, naye atamaliza eda yake humu humu kama anavyotaka. Ikiwa sivyo, namchukua leo. Basi nijibu wewe, watu wakisikia. U maskini?"

Nilielewa vizuri kabisa. Hakuna somo nililowahi kulielewa upesi kama lile. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya pazia alikuwa na nyumba yake na jina lake, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwangu, na alichohitaji kwangu ni neno moja: ndiyo. Tena lilikuwa neno la kweli. Mfukoni sikuwa hata na pesa ya kikombe cha kahawa.

Jirani aliyekuwa anafagia aliacha kufagia. Karani kijana wa forodhani, sijui aliitwa na nani, alikuwa amesimama ng'ambo ya njia.

"U maskini, bwana?" akarudia.

"Mimi si maskini," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi nina shahada." Nikaunyosha mkono kuelekea ukutani, ndani, ilipotundikwa.

Imamu aliinamisha kichwa. Ndugu wa marehemu alingoja kidogo, kama mtu aliyempa mwenziwe nafasi ya kuokota alichoangusha.

"Kama si maskini," akasema, "basi haikuwa sadaka."

"Nilikuwa nataka kusema..." nikaanza.

"Umekwisha sema."

Ndipo nikaisikia sauti ya mjane kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Haikutetemeka wala haikupanda.

"Mimi nilimpa chakula mtu niliyeambiwa hana mtu. Kama alikuwa na mtu, Mungu ndiye ajuaye niliyempa ni nani. Shemeji, leta shiraa. Nitakwenda."

Waliileta shiraa, ile hema ya nguo inayobebwa kwa miti, ambayo siku zile wanawake wa heshima walitembea ndani yake wasionekane. Wanawake wanne wa ukoo waliishika pembe. Aliingia kutoka mlangoni moja kwa moja, hata kivuli chake sikukiona. Nilichoona ni nguo ile nyeusi ikishuka njiani polepole kuelekea mjini, jua bado kali, na watu wakiipisha huku wakinong'onezana. Bibi kizee alifuata nyuma na jungu la kupikia wali kichwani. Aliponipita hakunitazama, yeye aliyekuwa akimtazama kila mtu.

Mimi nilitolewa saa ile ile. Hakuna aliyenisukuma. Ndugu wa marehemu alisimama tu mlangoni akingoja niteremshe shahada ukutani, nami nikaiteremsha mbele yake, msumari ukagoma, nikauvuta na chokaa ya watu.

Nikaenda kwa mjomba. Sikuwa na kwingine. Alikuwa barazani kwake, amezeeka, ameketi juu ya mkeka wake ule ule.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ulifika lini?"

"Leo," nikasema. "Nimeshuka leo."

Alinitazama kichwani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimevaa ile kofia. Alikuwa ameyasikia yote, bila shaka. Mombasa ni kisiwa, na maneno hayana bahari ya kuvukia. Aliivua kofia yake mwenyewe, ya kawaida, iliyofifia, akaninyoshea.

"Hiyo ya safari ivue," akasema. "Vaa hii. Chumba chako kimefagiwa."

Mzungu wangu alirudi, kazi nikaipata, na nimeifanya vizuri, wanaonijua wanajua. Nimepima viwanja vingi vya kisiwa hiki. Mjomba nilimjengea ghorofa ya pili kabla hajafa, kama nilivyoandika. Siku moja tulitumwa kupima Majengo, nikaukokota mnyororo wangu wa kupimia mbele ya baraza ile pana iliyopakwa chokaa. Niliuliza mwenye nyumba, nikatajiwa jina la ndugu wa marehemu. Mwandiko wangu ni mzuri. Mzungu alikuwa akiusifu. Nililiandika jina lile kwa mwandiko mzuri.

Jioni hiyo nilimtafuta bibi kizee. Nilimpata Makadara akiuza vitumbua, chuma chake kikiwa juu ya makaa, na bado alikuwa akimtazama kila mnunuzi kama anayesubiri chenji. Nilikuwa nimeichukua ile kofia, nimeikunja ndani ya karatasi.

"Bibi, nimeirudisha."

Hakuipokea. Alikigeuza kitumbua kwanza.

"Sadaka hairudi, mwanangu. Ukiona si haki yako, mtafute maskini umpe."

Nikamuuliza habari za mjane. Akaniambia alimaliza eda yake kwa shemeji, katika chumba cha ghorofani, mlango ukilindwa kama wa mwizi, kisha akaenda Lamu kwa watu wake, hakurudi.

"Alisema neno juu yangu?"

Bibi alifikiri. Nadhani alitafuta kweli kweli.

"Mara moja," akasema. "Siku ile ile tuliyohamishwa. Aliniuliza kama ulipata pa kulala."

Akaniuzia vitumbua vitatu, nikavilipia, akanipa chenji yangu.

Kofia ninayo bado, ndani ya sanduku la bati, chini ya shahada. Mara nyingi nimeitoa siku ya Ijumaa nikaenda nayo mpaka mlangoni mwa msikiti, wanapokaa wale wanaonyosha mikono. Naichagua mikono, naikaribia, halafu nawaza kwamba huyu ataniuliza amwombee nani, nami itanibidi niseme kwamba nilipewa sadaka. Narudi nayo nyumbani.